Gambuti Tulizorudisha Parklands

Mama alikuwa akirudi kutoka kazini akinuka klorini. Harufu hiyo ilimganda mikononi na kwenye kitambaa cha kichwa, hata chai aliyoniandalia ilinifikia ikiwa nayo. Tuliishi Kinoo, yeye na mimi, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mwenye ploti. Kazi yake ilikuwa kusafisha vyumba katika gesti moja ya Parklands, karibu na hospitali. Wageni wengi wa pale hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa mbali waliokuja kuuguza jamaa zao, wakishinda hospitalini mchana na kurudi gesti kulala. Mshahara wa Mama uliishia kwenye kodi ya nyumba, na kwa mengine yote tulitegemea bakshishi, ingawa yeye hakuiita hivyo. Aliiita asante. Desturi ya gesti ilikuwa kwamba kilichoachwa juu ya mto ni cha msafishaji, na kilichosahauliwa kwingine kinapelekwa ofisini. Kwa hiyo nililelewa na mito ya watu nisiowajua: noti iliyokunjwa, kipande cha sabuni bado kikiwa na karatasi yake, siku moja maparachichi yaliyoiva sana.

Aprili ya mwaka nilipokuwa darasa la tatu, mvua ilikataa kukatika. Njia ya kutoka kwetu hadi barabara kuu iligeuka tope jekundu la kung'oa kiatu mguuni. Jioni moja Mama alitoa kwenye mfuko gambuti za manjano, viatu virefu vya mpira, ndogo, karibu mpya. "Ni zako. Nimepewa asante," akasema. Nilimuuliza ni nani aliyempa. "Mgeni," akajibu, akageuka kuwasha jiko. Sikuona ajabu yoyote. Nilizivaa likizo nzima. Nilizivaa hata ndani ya nyumba, hata siku za jua, na Mama hakunikataza, ila mara nyingine nilimkuta akinitazama miguu kwa muda mrefu.

Kisha alasiri moja alirudi mapema, bado akiwa na sare ya kazi, akasimama mlangoni.

"Wanjiru, vua hizo gambuti."

"Ziko na tope."

"Vua tu. Tutaziosha."

Alizisugua kwa mswaki wa zamani, akifuata kila mfereji wa soli. Nilichuchumaa kando ya beseni. Aliniambia, bila kuinua macho, kwamba zilikuwa za kijana wa rika langu. Mamake ndiye aliyempa Mama siku waliyoondoka gesti. Aliziweka juu ya mto, kisha akamngoja Mama koridoni amwambie ni zake. Sasa babake kijana alikuwa amerudi akizitafuta.

"Kwani hatanunuliwa zingine?"

Mama aliendelea kusugua. "Alifariki, Wanjiru."

Nilingoja nisikie hofu, au huruma, au chochote. Hakuna kilichokuja. Niliyatazama maji ya beseni yakizidi kuwa mekundu.

Kesho yake alinichukua tukaenda naye Parklands. Yule baba alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijivu. Mama alimkabidhi gambuti kwa mikono miwili. "Pole sana, baba. Mtoto wangu amezivaa kidogo." Baba yule alizigeuza, akaingiza mkono ndani ya moja hadi kwenye vidole, akauacha humo. Kisha akatazama patipati nilizovaa miguuni.

"Zilikuwa zinakutosha?"

"Ndiyo."

"Yeye zilikuwa kubwa. Tulinunua kubwa ndio akue nazo."

Alitoa noti mfukoni. "Mama, chukua. Mke wangu alikupa kwa roho safi, na mimi nimekunyang'anya." Mama aliweka mikono nyuma. "Hapana, baba. Hii siwezi." Basi akaniwekea mimi kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja. Nilimtazama Mama; Mama alikuwa akitazama ukuta. "Sema asante," akasema mwishowe. Nikasema. Baba yule aliondoka amezikumbatia kifuani, mfuko tuliokuwa tumezibebea akauacha kwenye benchi.

Tulipitia Ngara, Mama akaninunulia gambuti nyeusi kwa noti ile. Niliingia darasani nazo muhula ulipofunguliwa, nazo zilinitosha vizuri tu. Hatukuzungumza tena habari hizo. Ila tangu hapo, mgeni akimpa kitu, Mama alimuuliza kwanza, "Na wenzako nyumbani wanajua?" Wengine waliona ni utovu wa adabu wakakichukua tena. Vitu vilipungua nyumbani, nasi tukazoea.

Siku hizi nafanya kazi katikati ya jiji, na Mama amestaafu. Mwezi uliopita nilimpeleka kula chakula cha mchana karibu na ofisi yetu. Tulipomaliza nilitoa simu nikamtumia mhudumu bakshishi kwa nambari iliyobandikwa mezani, kama tufanyavyo sote. Simu yake ililia, akaigusa mfukoni bila kuitoa, akaendelea kupanguza meza ya pili.

"Umempa?" Mama akauliza.

"Nimetuma."

"Amejua ni wewe?"

"Ataona jina."

Mama alishika ukingo wa meza akainuka, akapita katikati ya viti polepole hadi kwa yule kijana mhudumu, akamnyooshea mkono. Kijana alishtuka, akajipangusa kiganja kwenye aproni kabla ya kumpa. Sikusikia walichosemezana. Nilibaki nimekaa, simu mkononi, nikiusoma ujumbe kwamba pesa zimefika.