Cherehani Inaponyamaza

Harufu ya polishi nyekundu ya sakafu hunirudisha Woodley, mtaa wa Nairobi nilikokulia, popote nilipo. Mwaka jana ilinikuta mahali nisipoitarajia, huko Kitisuru, katika nyumba ya zamani yenye bustani kubwa, nilipokuwa nimeketi kwenye benchi nikisubiri kuonana na mshauri nasaha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mtu alikuwa ameisugua sakafu ile asubuhi hiyo hiyo, na nilipovuta pumzi nikajiona tena nina miaka tisa, nimepiga magoti kwenye veranda yetu na kipande cha blanketi kuukuu mkononi, nasugua, huku cherehani ya mama ikinguruma nyuma yangu.

Nisijifanye shujaa. Sikwenda kwa mshauri kwa kupenda. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kazi katikati ya jiji, ghorofa ya tisa, mbele ya watu wanne wenye chupa za maji. Mmoja wao, mwanamume mpole kabisa, aliniuliza ni kitu gani ninachokiweza vizuri. Nikafikiri. Nikafikiri mpaka akatazama saa. Mwishowe nikasema, "Sijui, labda mngeuliza mtu mwingine." Kazi hawakunipa, na hata mimi nisingejipa. Hapo ndipo rafiki yangu Achieng', aliyekuwa amenipigia pasi blauzi ya usaili, alipochoka nami.

"Mumbua, hii kitu yako si aibu ya kawaida," akaniambia. "Enda uongee na mtu."

Mtu mwenyewe aliitwa Njeri, mama wa makamo, mtulivu, aliyekataa nimwite daktari. Aliniomba nitaje jambo moja jema kunihusu. Nikakisifia kiti chake. Akatabasamu, akaandika kitu, kisha akauliza nyumbani kwetu walikuwa wakinisifia kwa lipi nilipokuwa mdogo. Nilitafuta kila pembe ya kichwa changu. Sikupata hata moja, na machozi yakanitoka mbele ya mtu niliyemjua kwa dakika kumi.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule na magauni ya kwaya pale verandani, na wateja walipokuja kupimwa mimi niliwaletea chai. Mteja akisema, "Msichana wako anakaa ana akili," au "Huyu mtoto ni mrembo," mama alifanya jambo lile lile kila mara. Aliacha kushona, akazitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Huyu?" alisema. "Huyu hata chai hajui kupika. Usimwone hivyo."

Kisha akazirudisha pini mdomoni. Vipimo, habari za kanisa, umbea wa jirani, yote hayo aliyaongea pini zikiwa humo humo, na tulimwelewa. Kwa ajili yangu tu ndipo alipozitoa, ili maneno yatoke yakiwa kamili.

Baba, aliyekuwa karani wa serikali, alikuwa na methali yake moja aliyoitumia kwa kila kitu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikadhani ndiyo sababu. Nikadhani mimi ndiye tembo, ingawa sikuelewa kwa nini natiwa maji hata kabla mgema hajasifiwa.

Kitu kimoja nilikipenda, nacho kilikuwa kusoma kwa sauti. Nilijifungia chumbani na chochote chenye herufi, kitabu cha shule, karatasi ya unga, gazeti lililofungiwa nyama, nikasoma kama mtangazaji wa redio. Lakini nikishaanza kunogewa, cherehani ilikuwa ikinyamaza ghafla. Nami nilinyamaza, nikijua nimemkera mama. Baada ya muda mguu wake ulianza kukanyaga tena, na mimi nikaendelea kwa kunong'ona.

Basi ikaja Jumapili ya watoto kanisani kwetu. Nilipewa zaburi ndefu, nikaikariri yote, nikaitoa bila kujikwaa. Waumini walipiga makofi hadi mchungaji akainua mkono. Baada ya ibada mama mmoja mgeni, mwenye kofia ya zambarau, alinishika bega mbele ya watu wote. "Mtoto huyu ana kipawa," alisema. "Mkutano wa watoto wa makanisa yote utakuwa pale Jamhuri mwezi ujao. Lazima asimame jukwaani."

Moyo wangu ulijaa. Nikamtazama mama. Hakuwa na pini siku hiyo, lakini aliupitisha mkono mdomoni kana kwamba anazitoa.

"Huyu ni kasuku tu," alisema. "Mkimtoa kwa hiyo zaburi hajui hata kuosha kikombe."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mwezi uliofuata walinipandisha jukwaani kwenye uwanja wa maonyesho pale Jamhuri, mbele ya watoto na wazazi wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mahali pamoja. Nilimtafuta mama kwa macho, nikamwona kwenye safu ya tatu. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikimchezacheza, hataki kunitazama. Nikaona nimemwaibisha hata kabla sijaanza. Zaburi yote ikanitoka kichwani. Nilisimama pale na mikono yangu miwili mpaka mwalimu mmoja akaja kunishusha polepole, kama mtu anayeteremsha sufuria ya moto.

Njiani kurudi nyumbani mama alininunulia mahindi ya kuchoma, akanichagulia lililojaa punje. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwao Machakos. Alikuwa na furaha, msomaji wangu, na sikosei. Niliyatafuna mahindi yale yenye chumvi na pilipili nikimsikiliza, nikajiambia kwamba amefurahi kwa sababu leo kila mtu ameona kumbe alikuwa akisema kweli. Sikusimama tena mbele ya watu. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nililolijua jibu lake, nilijifanya silijui.

Njeri alinipa kazi ya kufanya. Nimwendee aliyenilea, nimwombe anitajie mambo matatu mema kunihusu, niyaandike. Nilikaa na kazi hiyo wiki nzima kama mtu aliyetumwa kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Jumamosi nikaenda Woodley.

Mama alikuwa verandani, mezani pake pale pale, sketi ya shule imelala chini ya sindano. Nilimweleza yote, usaili, Kitisuru, yale mambo matatu. Alisikiliza bila kuinua uso. Nilipomaliza, alishona mshono mzima hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akasimama.

"Ingia ndani," alisema. "Hiyo si maneno ya kusema hapa nje."

Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Akavuta hata pazia, mchana kweupe.

Nilijua kwamba kabla yangu kulikuwa na dada, Mwikali, aliyefariki. Nilikuwa sijui zaidi ya hapo, maana jina lake halikutajwa nyumbani. Sasa mama akanieleza kwamba Mwikali alikuwa na miaka mitatu, mnene, anaongea kuliko watu wazima. Sokoni mwanamke mmoja akamshika mashavu, akamsifu hadi watu wakageuka. "Na mimi nikasimama hapo nikicheka, nikijisikia vizuri," mama alisema. "Kwetu ungemwambia huyo mtu amtemee mtoto mate kidogo, ile jicho isimshike. Niliona aibu. Nilikuwa nimeokoka." Wiki hiyo hiyo mtoto akashikwa na homa, na hakufika Jumapili.

"Wewe umesoma, utasema ni malaria," alisema. "Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Haya. Lakini wewe ukizaliwa nilisema hakuna mtu atakusifu akuache hivyo hivyo."

"Na siku ile ya Jamhuri?"

"Nilikuwa naomba usahau. Watu wote hao, macho yote hiyo. Ukasahau. Tukarudi na wewe nyumbani."

Msidhani nilimkumbatia. Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba alimlinda mtoto kwa kumzika akiwa hai, na nusura niseme. Lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti ya chini sana, akitazama mlango.

"Kwanza, una huruma. Pili, una kichwa. Tatu, hiyo sauti yako. Ulikuwa ukisoma huko ndani, nilikuwa nasimamisha cherehani ndiyo nikusikie."

Sikuweza kuandika. Aliniinamia, akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, akayafuta kwa ncha ya leso. Kisha akafungua dirisha.

Hatukuwa tumemaliza hata chai mteja alipopiga hodi, Mama Shiru, aliyekuja kuchukua sketi ya bintiye. Akanitazama juu hadi chini. "Ni yule Mumbua? Kumbe amekuwa mrembo hivi. Na nasikia ana digrii."

Mama alikuwa ameshaacha kikombe, amerudi kwenye cherehani na pini mdomoni. Akazitoa moja baada ya nyingine. Nilizihesabu, zilikuwa nne. Nikasubiri nilichokuwa nimekisubiri maisha yangu yote.

"Ndiyo," alisema. "Na anajua kusoma vizuri sana."

Alipojaribu kuzirudisha pini, akajichoma kidole. Mama Shiru hakuona kitu.

Jioni hiyo, nikiwa kwangu, alinipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza aliniuliza kama nimefika. Mara ya pili kama kichwa kinaniuma. Mara ya tatu hakuwa na swali, alikaa tu kwenye simu akinisikiliza ninavyopumua, na nyuma yake cherehani ilikuwa kimya. Nikachukua gazeti lililokuwa mezani, nikaanza kumsomea kwa sauti.