Koti la Shemeji Liko Kwenye Kiti Changu

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wengi wamo humu. Nina miaka thelathini na nane, ni fundi cherehani, naishi Butimba na wanangu wawili. Mume wangu alifariki mwaka juzi kwa ajali ya pikipiki. Ni Mkristo, na si wa Jumapili tu. Sijisifu, ila hapo ndipo yalipoanzia yote.

Kwetu Mara, kando ya ziwa, mjane lazima atakaswe. Mwanaume wa ukoo wa marehemu anakuja kulala naye, ndipo anahesabika safi. Kabla ya hapo hakanyagi mji wa mtu, hata wa wazazi wake, kwa kuwa wanaamini anabeba kifo. Nilikataa mbele ya kikao kizima. Nilisema mwili wangu ni wa Mungu, na sitatakaswa na mtu ambaye hata kuoga anakumbushwa. Hilo la mwisho lilinitoka tu, na najua liliwachoma.

Sasa mama anaumwa. Hospitali walituambia turudi naye nyumbani, na mnajua maana yake. Yuko kijijini kwa kaka yangu. Mwezi uliopita nilifunga safari, nimebeba khanga mpya na chupa ya uji wa ulezi. Kaka alinipokea nje ya uzio wa minyaa, akaniletea kiti.

"Dada, nisamehe, mwisho wako ni hapa," alisema. "Mke wangu ana mimba, na zile mbili unajua ziliharibika. Ukiingia halafu yakatokea tena, nitamwambia nini?"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mkono tumboni. Hakuwa na chuki, alikuwa na woga. Ningeweza kuingia kwa nguvu, lakini nilimwonea huruma, nikakaa.

Basi nikaongea na mama kwa simu, mimi nje ya uzio, yeye ndani kitandani. Kikohozi chake nilikisikia kwenye simu, na kwa sikio la pili nikakisikia kikitoka dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona huingii?"

"Wamenikatalia, mama."

"Si ufanye tu wanachotaka? Mimi nataka nikushike mkono. Huo ukaidi umeutoa wapi?"

Jamani, nimeutoa kwake! Nilipokuwa mtoto, babu alitufunga hirizi viunoni. Mama alizikata kwa mkasi, akazitupa ziwani, akamwambia babu kwa heshima zote, "Baba, hawa watoto wana mwenyewe." Ukoo ulimtenga, hakuna aliyempa hata kaa la moto, na yeye aliendelea kuimba jikoni. Nilikua nikimtazama huyo. Lakini hayo sikumwambia. Nilimwambia tu nimemletea uji, nikamwachia kaka ile chupa. Baadaye nikasikia waliumwaga.

Wiki hii amekuja shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ni mtu mpole.

"Shemeji, mimi nina mke wangu, hayo mambo hata mimi siyataki," alisema. "Nakuachia koti langu. Siku utakayokuwa tayari nijulishe, litundike nyuma ya mlango, majirani walione, mimi nakwenda kulala gesti. Asubuhi wazee watakupigia wakuulize kama imefanyika. Wewe itikia tu, uende ukamwone mama."

Nililia mbele yake. Mwili wangu utabaki salama, ni neno moja tu. Lakini kanisani kwetu kuna wajane wawili waliokataa baada ya kuniona mimi nimekataa. Mmoja alifukuzwa pamoja na watoto wake. Nikiitikia, hao wataambiwa, mbona mwenzenu amekubali? Na nitakuwa nimemkana Yesu kwa simu, nikiwa nimekaa kwangu. Mchungaji nilipomweleza aliniambia nisimame imara. Sawa, lakini yeye mama yake anaishi naye, anampikia kila siku.

Mara nyingine najiuliza kama huu ni utii au ni kiburi changu nimekivika nguo ya kanisani.

Koti liko hapa kwenye kiti. Kifungo kimoja kimelegea, na mkono wangu wa fundi umeshaifuata sindano mara kadhaa, nikaurudisha. Msumari uko nyuma ya mlango, ule ule alioutumia mume wangu kutundikia koti lake.

Leo asubuhi kaka amepiga. Anasema mama haoni vizuri tena. Kila anayeingia chumbani, yeye anamshika mkono na kumwita kwa jina langu.

Ninyi mnaomcha Mungu na mnaoujua uchungu wa mama, naombeni ushauri. Nikiitikia, nitamshika mkono nikiwa nimelitupa lile alilonifundisha. Nikikataa, atakufa ameshika mkono wa mtu mwingine. Nifanye nini? Msichelewe kunijibu.