Mtungi Ulioambiwa Utoke

Zamani hizo, kabla maji hayajaletwa kwa mabomba, mtaa wa wafinyanzi ulikuwa na sheria moja: udongo ukiwa mbichi, watu hawagombani. Udongo mbichi husikia. Neno ukilishika, ukachomwa, haulisahau. Ndiyo maana mitungi ya mtaa ule ilipoza maji hata jua likiwaka: ilikuwa imeambiwa, kwa upole, ipoze. Wenye ugomvi walitoka nje, wakamaliza maneno yao, wakanawa mikono, wakarudi.

Mfinyanzi mmoja, mama wa mikono mipana na shingo ngumu, aliijua sheria hiyo tangu utotoni. Kuijua hakukumsaidia.

Alikuwa akimalizia mtungi mkubwa wa nyumba ya wagonjwa, ambako kisima kilikuwa mbali na wenye homa walilala wakilamba midomo. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyemchomea vyombo vyake vyote tanuruni, akauinamia.

"Mdomo umekaa upande, wifi."

"Upande gani?"

"Ule ule wako ukinuna."

"Toka! Toka humu, na usirudi!"

Kazi ni kazi: mtungi ulipokauka wifi akauchoma, kisha akafunga nguo zake, akahamia kwa dada yake mtaa wa pili.

Mtungi ukapelekwa. Kesho yake muuguzi akaja mbio.

"Fundi, mtungi wako!"

"Unavuja?"

"Hauvuji. Umeondoka."

Mfinyanzi akajifunga kibwebwe, akaufuata. Mshona viatu alikuwa ameuona ukielekea lango la mji. "Haukusalimia," akaongeza. Langoni mlinzi alikuwa ameuzuia kwa mkuki, nao ukimgonga goti polepole, kama mbuzi.

"Ni wako huu?"

"Ni wangu."

"Hauna adabu."

"Umeniiga mimi."

Kuutupa hakukufaa; vigae vyake vingezurura mitaani vikikata watoto miguu. Dawa ilikuwa moja: kuuvunja, kuvisaga vigae, kuuchanganya unga wake na udongo mpya, kisha kusema neno la kweli mbele ya udongo huo ukiwa bado mbichi. Aliuvunja mwenyewe. Alisaga mchana kutwa, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Akautia udongo kwenye bakuli kubwa la mti, akajitwika, akaenda kubisha hodi kwa dada wa wifi.

Wifi akatoka, akalitazama bakuli kabla ya kumtazama aliyelibeba.

"Wifi," mfinyanzi akasema, "nisamehe kama nilikukosea."

Udongo ukapasuka katikati.

"Hiyo 'kama' yako haijaiva," wifi akasema.

Haikuwa imeiva kweli. Anayeomba radhi kwa "kama" anamrudishia mwenzake kosa alibebe yeye. Mfinyanzi alilijua hilo pia. Akatua bakuli chini. Akawafikiria wale wa homa.

"Nilikosa," akasema. "Mdomo ulikaa upande. Niliuona kabla hujausema, na nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Rudi nyumbani, wifi. Ukae, usitoke tena."

Ufa ukajifunga. Wifi akaingia ndani kuvaa viatu, akakaa huko muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji, kisha akatoka na furushi lake.

"Shika upande ule," akasema, wakalibeba bakuli pamoja.

Mtungi wa pili ulichomwa, ukapelekwa, ukatulia. Wagonjwa wakanywa maji baridi. Wauguzi walipojaribu kuusogeza wafagie chini yake, haukusogea, hata waliposukuma wote kwa pamoja. Mpaka leo wanafagia kuuzunguka.

Wifi naye alirudi chumbani kwake na hakutoka tena, hata siku ambazo mfinyanzi angependa chumba hicho kiwe kitupu. Siku hizo mfinyanzi alitoka nje, akauambia ukuta yote aliyokuwa nayo moyoni, akanawa mikono, akarudi kazini.