Marahaba ya Mzee Telesphory

Kutoka nyumbani kwa kina Kudra hadi lango la shule kulikuwa na wazee kumi na mmoja. Mwingine angehesabu nguzo za umeme, au maduka, au mbwa wakali. Kudra alihesabu wazee. Wa kwanza alikuwa mama muuza vitumbua, aliyefanywa mzee na wajukuu zaidi kuliko na miaka. Wa mwisho alikuwa Mzee Telesphory, mwalimu mstaafu aliyehamia mtaa huo wa Tumbi kutoka Bukoba zamani, ambaye kila asubuhi alikaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki cha bluu, redio ndogo ameibana sikioni kama mtu anayesikiliza siri.

Kudra aliwaamkia wote. "Shikamoo." Kisha alisubiri. Marahaba ikija nzima, kama yai lisilo na ufa, alipita. Ikija nusu, au ikimezwa na bodaboda inayopita, au mzee akitikisa kichwa tu, Kudra alirudi nyuma hatua saba, akaja tena, akaamkia upya. Na kwa Mzee Telesphory, ambaye siku tano kati ya sita hakuitikia kabisa, aliweza kuja na kurudi mpaka vumbi la pale likawa gumu kama sakafu.

Watu wazima walimpenda.

"Zuwena, huyu umemlea," walimwambia mama yake, fundi cherehani. "Wa kwetu wanatupita kama mbuzi."

Mama yake alitabasamu mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Haikuwa adabu. Adabu alikuwa nayo, lakini hii haikuwa yenyewe. Lilikuwa wazo lililoingia bila hodi: asipoitikia, atakufa leo, na wewe ndiye utakayekuwa umemuua. Kudra alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha pili, na baiolojia alipata themanini na kitu. Alijua vizuri kwamba hakuna mtu anayekufa kwa kukosa kuitikia shikamoo. Alijua, na bado alirudi. Akili ilikaa upande wake, miguu upande wake, na havikusalimiana.

Shuleni walimwita Rivasi. Akitokea tu langoni, wavulana wa kidato cha tatu walianza kulia kama lori linalorudi nyuma: "Pi, pi, pi, pi! Pisheni, Rivasi hiyo!" Kudra alicheka nao, kwa sababu kucheka kulimaliza mambo haraka.

Kilichomuuma ni kingine. Jirani zake wawili, Evaline na Hajra, walisoma naye darasa moja na kwa muda mrefu walitembea naye asubuhi. Evaline alikuwa mrefu, mwenye maneno makali na moyo laini ambao hakupenda watu waujue. Hajra alikuwa mdogo, mcheshi, mwenye mfuko wa ubuyu usioisha. Watatu wakichelewa, adhabu ilikuwa moja: kudeki vyoo. Siku walipodeki kwa mara ya nne, Evaline aliutupa ufagio.

"Mimi nimechoka bwana. Kudra, wewe unataka shikamoo au unataka shule?"

"Samahani."

"Samahani yako inanuka choo kama mimi. Kesho tunaondoka bila wewe."

Na kweli, kesho yake waliondoka bila yeye. Kudra aliwaona kwa mbali, mabegi yao mawili yakirukaruka, na kicheko cha Hajra kikimfikia kimechelewa, kama mwangwi. Hapo ndipo alipolia. Aibu aliizoea. Ile nafasi ya mtu wa tatu katikati yao ndiyo aliyoitamani, maana sasa haikuwa na mtu.

Mwalimu alipomwita mama yake kuhusu kuchelewa, Kudra alishindwa kudanganya, akasema yote. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga cherehani, akavaa mtandio mzuri, akampeleka hospitali.

Walipokelewa na muuguzi wa afya ya akili, Dada Efrazia, mwanamke mnene mwenye kalamu tatu kwenye nywele.

"Wamekufa wangapi mpaka sasa?" aliuliza, baada ya kusikiliza.

"Hakuna, dada."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kwa sababu huwa narudi."

Efrazia aliweka mezani kalamu ya nne, aliyokuwa akiandikia. Hakucheka, ingawa hata Kudra mwenyewe angemsamehe. "Mdogo wangu, umebeba uhai wa mtaa mzima, na begi la shule juu yake. Mgongo hauumi?"

Alimweleza kwamba ule ni ugonjwa, una jina na una tiba. Si jini, si laana, wala si upungufu wa sala. "Wazo hilo ni mbuzi. Ukimtupia ganda la ndizi mlangoni leo, kesho yuko hapo hapo, na keshokutwa kaleta wenzake. Wewe kila ukirudi zile hatua saba, unamtupia ganda."

"Sasa nifanyeje?"

"Amkia mara moja. Usipoitikiwa, pita. Utaogopa sana. Ogopa, lakini huku unatembea." Akamtazama mama, kisha Kudra tena. "Anza na mtu anayekupenda. Mwombe asikuitikie."

Likizo ilikuwa wiki inayofuata, na mtu anayempenda alikuwa Kibuta, Kisarawe: Bibi Biasha, mwenye shamba la mihogo, mikorosho tisa na sauti ya kuita mtu kutoka kijiji cha pili. Pale Kudra alikuwa nyota. Bibi alimtembeza kwa majirani kama khanga mpya. Kwa hiyo aliposikia habari ya muuguzi, alikasirika.

"Daktari gani huyo anayekataza shikamoo?"

"Hajakataza, bibi. Amesema wewe usiitikie."

"Mimi nisiitikie!" Bibi Biasha akaweka kisu chini, na muhogo aliokuwa akiumenya ukabingirika. "Miaka sabini na mbili sijawahi kumnyima mtu marahaba. Hata babu yako tulipokuwa tumenuniana, aliniamkia kwa dhihaka, nikaitikia."

"Ni dawa, bibi."

Bibi akamtazama mjukuu wake, yale macho mazuri yaliyochoka kabla ya wakati. Akavuta pumzi. "Haya, mke mwenzangu," akasema, kama mabibi wa kule wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Niamkie."

"Shikamoo, bibi."

"Mara—" Bibi akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Ikawa hivyo siku nzima. Kudra alitokea kisimani, "Shikamoo, bibi," na bibi akageuka nyuma akiuma khanga. Alitokea jikoni, na bibi akajisokomezea mdomoni kipande cha muhogo wa moto, akaunguzwa ulimi, akaitikia kwa machozi. Usiku wa pili ilimtoka marahaba usingizini, na asubuhi akakana.

"Haihesabiki. Nilikuwa naota."

"Imehesabika, bibi."

"Basi wewe mgonjwa, na mimi mgonjwa. Turudi wote kwa huyo muuguzi."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Lakini katikati ya kicheko hicho, Kudra alikuwa akifanya kazi ngumu kuliko kulima. Kila bibi asipoitikia, miguu ilidai hatua zake saba. Naye alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamtazama bibi akiendelea kupumua, akimenya, akiimba. Siku ya kwanza hofu ilikaa kifuani mpaka muhogo ukaiva. Siku ya tisa ilikaa mpaka maji yakachemka. Ilikuwa bado ipo, ila imekuwa mgeni anayejua kuaga.

Shule ilipofunguliwa, Kudra aliwavizia Evaline na Hajra penye mama wa vitumbua.

"Naomba wiki moja. Nikirudi nyuma hata mara moja, niacheni."

Evaline alimpima kwa macho. "Hata kwa Mzee Telesphory?"

"Hata kwake."

"Wiki moja," Evaline alisema. "Mimi na choo tumeshaachana."

Jumatatu walipita wazee kumi kwa shikamoo kumi. Penye kiti cha bluu Kudra alisema, "Shikamoo, babu." Redio ilisoma habari za bei ya mahindi. Mzee Telesphory hakugeuka. Kudra aliuma meno, akapita, akatembea hatua moja, ya pili, ya saba, ya thelathini. Hajra akamtilia ubuyu mkononi bila kusema kitu. Somo la kwanza lilipita bila hata neno moja kuingia kichwani mwa Kudra, lakini alikuwa amefika mapema, akiwa katikati ya watu wawili.

Jumanne, kiti cha bluu kilikuwa kitupu.

Kiti kile kile, kibaraza kile kile, mlango umefungwa. Redio haikuwepo. Kudra alisimama kama aliyepigiliwa msumari.

"Nini tena?" Evaline aliuliza. "Leo hata hayupo wa kumwamkia!"

"Nimemuua," Kudra alisema.

Na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuficha, akawaambia. Wazo, hatua saba, muuguzi, bibi na muhogo wa moto. Maneno yalitoka yamekanyagana. Alipomaliza aliangalia chini, akisubiri ile pi-pi-pi.

Evaline aliweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo miezi yote hii mimi nadeki vyoo, kumbe wewe unamwokoa Mzee Telesphory?"

"Ndiyo."

"Na yule mama wa vitumbua?"

"Na yeye."

"Ungesema, mjinga wewe! Mimi nilidhani unajipendekeza kwa wazee." Akafuta jicho kwa ukingo wa sweta, haraka, kama anaua mbu.

Hajra tayari alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kibaraza. "Nigonge? Nikiuliza tu tutajua. Sekunde moja."

Kudra alitaka kusema ndiyo kama mwenye kiu anavyotaka maji. Mkono wa Hajra ulikuwa umeinuliwa mbele ya mbao. Neno moja kutoka ndani, kikohozi tu, na kifua chake kingefunguka. Na kesho kingefungika tena. Na keshokutwa Hajra angelazimika kugonga milango kumi na moja.

"Usigonge," alisema. "Huyo ni mbuzi. Tusimpe ganda."

Hajra hakuelewa habari ya mbuzi, lakini alishusha mkono.

"Sasa tunafanyaje?" Evaline aliuliza.

"Muuguzi alisema niogope, lakini huku natembea."

Evaline akampokonya begi, akaliweka juu ya lake. "Haya. Sisi tutatembea, wewe ogopa. Twende."

Wakaenda. Kudra aliogopa njia nzima, kwa bidii, machozi yakimshuka, na wenzake wakimshika mkono huku na huku. Hajra aliuliza kila baada ya hatua chache, "Bado unaogopa?" naye akajibu, "Bado," na Evaline akasema, "Vizuri, endelea." Mpaka wanafika langoni, maneno hayo yalikuwa yamegeuka kuwa wimbo.

Lango lilikuwa limefungwa. Walidekishwa vyoo, wote watatu. Evaline alishika ule ufagio wa zamani, akauangalia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji.

Saa tisa alasiri, walipokuwa wakirudi, kiti cha bluu kilikuwa na mtu. Redio ilikuwa sakafuni, sauti yake ndogo kabisa. Mzee Telesphory aliwaona, akainua fimbo.

"Ninyi mabinti! Njooni hapa. Wewe wa katikati, si ndiye unayesimama hapa kila asubuhi unachezesha midomo?"

"Ndiye mimi, babu."

"Unasema nini? Mwaka mzima nashindwa kujua, siku mojamoja nabahatisha marahaba tu. Nilidhani ni mtoto wa kwaya, anafanya mazoezi." Akagonga sikio lake. "Nimeamkia hospitali leo. Wametoa nta humu, unaweza kutengeneza mshumaa wa Krismasi. Basi sasa sema, nisikie."

Kudra aliwatazama wenzake. Kicheko kilikuwa kinampanda.

"Shikamoo, babu."

"Ala! Ndiyo hiyo tu?" Mzee Telesphory akashusha fimbo, akapanga sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Marahabaaa, mjukuu wangu!" Ndege walitoka kwenye mti wa jirani.

Jumatano asubuhi mzee alikuwa akibishana na redio kuhusu mpira, uso umegeukia ukutani. Kudra alimwamkia. Hakuitikiwa. Evaline na Hajra walipunguza mwendo, wakamwangalia bila kumwangalia.

Kudra alisimama. Akarudi nyuma hatua moja, polepole, macho yamemtoka.

"Pi," alisema. "Pi, pi."

"Mshenzi wewe!" Evaline alipiga kelele, akamrushia daftari, na kengele ilipolia kwa mbali wote watatu walikuwa wameshaanza kukimbia, Kudra mbele.