Nilivyokwenda Kutubu na Jogoo

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe, maana hapa Makambako limeshazunguka hadi watu nisiowajua wananiita bwana harusi, na kila nikipita kwa waendesha bajaji lazima mmoja aulize, "Fidelisi, jogoo mzima?" Ningekuwa na pa kuificha hii sura yangu ningeshaificha.

Chanzo ni mdomo wangu. Mama Tulizo, mjane jirani yangu, anapika komoni, pombe ya mahindi ambayo mtu ukiinywa na baridi yetu hii unasahau hata koti. Sasa siku moja akaniambia mbele ya wateja kwamba kwaya ya kanisani inaimba vizuri mpaka nifungue kinywa mimi. Watu wakacheka, nami nikaumia, nikaenda kusema huko mitaani kwamba komoni yake anaikorogea kwenye beseni la kuogea (uongo mtupu, nilitaka tu na mimi niwachekeshe, wanipende). Baada ya wiki mbili mabenchi yake yakawa matupu. Yule mama akawa anamwaga pombe mferejini huku analia, na hakujua ni nani aliyemfanyia vile. Mimi nilijua, na usingizi ulinipaa.

Nikaungama kwa padre, nikapewa sala zangu, nikazimaliza kabla sijafika nyumbani. Lakini kazini kwetu, shamba la parachichi huku Njombe, kuna mtaalamu Myahudi, Mzee Eli, na kila mwaka ikikaribia siku yao kuu ya toba, ile wasiyokula wala kunywa, anatupitia vibarua mmoja mmoja: "Kama nimekukosea mwaka huu, nisamehe." Nikamuuliza kwa nini asimalizane na Mungu moja kwa moja. Akasema ulichomkosea Mungu Mungu atakusamehe, ulichomkosea mtu hasamehi mpaka umwendee huyo mtu. "Nenda peke yako. Akikataa, rudi na watu watatu. Unajaribu hadi mara tatu."

Nenda peke yako! Mimi huyu, kwa mwanamke anayepasua kuni kama anaua nyoka? Nikaona nianzie kwa wale watu watatu, kosa likawa hilo hilo. Nikamwomba baba mdogo Festo, shangazi Agripina na katekista wetu wanisindikize Jumapili baada ya misa kwa jambo zito (la beseni sikuwatajia, nani angekuja?). Nikamtumia Mama Tulizo salamu kwamba nakuja na wazee. Nikanunua jogoo. Na kwa kuwa najijua nikiogopa maneno yananipotea, dhambi nikaziandika kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha nyeupe.

Nyie mnaonisikiliza mmeshaelewa. Mimi mgane, na wazee watatu wamevaa makoti, na jogoo, na bahasha! Mimi mwenyewe sikuelewa hadi nilipoona kwa Mama Tulizo viatu vimejaa mlangoni, kaka yake Anzelmi kaja kutoka Mdandu na wajomba wawili, wali unanukia, na yeye mwenyewe katoka na kitenge kipya, ananitazama chini chini. Mwanamke yule hajawahi kunitazama chini chini tangu tufahamiane.

"Kamwene," tukasalimiana, tukakaa. Shangazi akaninong'oneza, "Si ungeniambia, mwanangu, nikaja na khanga?" Baba mdogo, ambaye kaposea nusu ya vijana wa ukoo, akakohoa akaanza kumwaga sifa zangu, nyingine hata mimi nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza.

"Naomba niseme," nikasema.

"Nyamaza! Muoaji hasemi," akanifinya paja.

Ikaletwa sahani yenye kitambaa cha kufuma, baba mdogo akaichomoa bahasha mfukoni mwangu akaiweka juu. Nikaidaka. Akanipiga kofi mkononi, wajomba wakacheka, "Ana haraka huyu!" Anzelmi akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Mimi Fidelisi nakiri kwamba mimi ndiye niliyesema Mama Tulizo anakorogea komoni kwenye beseni la kuogea..."

Wa kwanza kufoka ni katekista: "Kumbe ni wewe! Miezi yote hii natembea hadi Mahongole kutafuta kikombe kimoja!" Mama Tulizo akasimama, akabeba sufuria la wali akalirudisha jikoni. Akarudi macho mekundu.

"Tokeni. Jogoo abaki, yeye hajamsema mtu."

Mzee Eli alipopata habari alicheka hadi akavua miwani. "Nilikwambia uanze peke yako!" Nikarudi peke yangu. Mama Tulizo akaniambia mlangoni, "Kaseme kule uliposemea." Nikapita mitaani nyumba kwa nyumba nikijitangaza mwongo. Mara ya tatu nikamwendea Jumamosi mchana, watu wamejaa kwake tena, nikapanda juu ya benchi nikayasema yote. Akaniletea komoni. Kwenye beseni.

"Kunywa."

Nikanywa, jamani, watu wanapiga makofi, komoni inanimwagikia hadi kwenye soksi. Nilipomaliza akanisogelea, akasema taratibu, "Nimekusamehe, Fidelisi. Kabisa." Nikashusha pumzi. Akachukua beseni lake. "Ila siku ile, kabla kaka hajafungua ile bahasha, nilikuwa nimeshakubali."

Akaenda kuliosha. Mimi nikabaki pale na soksi zangu, na nawaambia ukweli, hiyo iliniuma kuliko lile "Tokeni" la Jumapili.

Tangu siku hiyo nikimkosea mtu namwendea mwenyewe, mikono mitupu, kabla hata hajajua. Bahasha nimeapa sishiki tena. Lakini kila asubuhi namsikia yule jogoo anawika kwake, mpaka leo hajamchinja, na hilo linanipa mawazo. Basi labda bahasha moja tu, na hiyo nitaisoma mara mbili kabla sijaifunga.