Upande wa Dirishani

Harufu ya sponji kuukuu iliyoanikwa juani haifanani na nyingine. Ina vumbi, ina jasho la watu, na kwa mbali ina mafuta ya kupikia. Juzi, hapa Tarime, nilinunua kochi lililokwisha kutumika kwa ajili ya chumba nilichopanga. Nikaitoa mito yake nje, na kabla sijamaliza kuikung'uta kwa fimbo nikajikuta nimekaa kizingitini, nimeinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa. Kuna jambo sijawahi kumweleza mtu. Nimelianza na kulifuta mara nyingi, maana kila nikiliandika najikuta nimejipendelea. Leo nitajitahidi.

Nilikuwa na miaka kumi tulipohama kutoka Kenyamonta, kwenye mji wa babu, tukaja Mugumu kwenye nyumba ya matofali aliyoijenga baba. Nyumba ilikuwa mpya na tupu. Ukikohoa chumbani, sebule nayo inakohoa. Mgeni akija, Mama aligeuza ndoo, akatandika kanga juu yake, akasema, "Karibu kiti," bila kucheka hata kidogo. Mimi ndiye niliyekufa kwa aibu. Nilikuwa mtoto wa kunyoosha vitu: nikikosea herufi moja nachana karatasi nzima, na soksi zangu lazima zilingane urefu. Ndoo ile iliniumiza.

Siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta makochi. Moja kubwa la watu watatu na mawili madogo, ya kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, yenye mikono ya mbao. Mama alikuwa anasugua mbao kwa tambara lenye mafuta ya taa, anaimba. "Sasa hapa ni nyumbani," aliniambia. Sikuuliza yametoka wapi. Kesho yake nikatangaza darasani kwamba baba ameyaleta kutoka Musoma, mapya, yakiwa bado na nailoni. Nikaeleza hadi jinsi nailoni inavyolia ukikaa. Bhoke, mtoto wa jirani niliyekaa naye dawati moja, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchonga penseli yake.

Jumamosi, nikifuta vumbi, niliona maandishi kwenye mkono wa kochi kubwa, upande wa dirishani. Yalichongwa kwa ncha ya bikari: BHOKE DRS LA 2.

Sikulia. Nilichukua kitambaa cha kufuma cha Mama nikaufunika mkono ule. Upande huohuo sponji ilikuwa imebonyea, ikafanya bonde la mtu mmoja. Nikashindilia gauni kuukuu chini ya mto. Bonde likajaa, nikikaa likarudi. Nililichukia kama mtu.

Alhamisi jioni ikawa zamu ya nyumba yetu kusaliwa na jumuiya ya kanisa. Nilijua Bhoke atakuja na mama yake, na kitambaa kile kilikuwa kinateleza kila kikiguswa. Nikaona dawa ni moja: nikae pale mimi, nikibane kwa kiwiko, nisiondoke hadi amina ya mwisho.

Wanawake wakaingia na biblia zao na sauti zao. Mama Rhobi, mwenyekiti wa jumuiya, akasimama katikati ya sebule. "Mama Ghati, umetuacha mbali! Hapa mpaka vitambaa vina vitambaa!" Wakacheka, Mama akacheka kuliko wote. Watoto walikaa mkekani. Mtoto kwenye kochi nilikuwa mimi tu.

Kisha akaingia Bhoke, amemshika mkono bibi yake mwenye magoti yaliyovimba, mama yake Bhoke nyuma. Bibi hakuangaza macho kama mgeni anayetafuta pa kukaa. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanipa mgongo, akapeleka mkono nyuma kuutafuta mkono wa kochi. Akagusa goti langu.

"Shikamoo, Bibi," nilisema, nimekaa.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Ghati, mpishe Bibi," Mama alisema.

"Tumbo linaniuma, Mama."

"Ghati!"

"Watoto wa siku hizi, matumbo yao yanauma wakiona wazee," alisema Mama Rhobi, huku akiinuka ampishe yeye.

Bibi akamzuia kwa mkono. "Mwacheni mtoto. Kiti kimempenda. Mimi chini pananitosha."

Wanawake wawili wakamshusha mkekani, polepole, goti moja kisha lingine. Kwetu mtoto hakai juu mzee akiwa chini. Sala nzima miguu yangu ilikuwa karibu na kilemba chake, nami nikaikunja mpaka ikafa ganzi. Lakini sikusimama.

Katikati ya wimbo kiwiko kikalegea, kitambaa kikateleza. Bhoke alikuwa chini yangu. Akaliona jina lake. Akaniangalia, akanyoosha mkono, akakivuta kitambaa juu na kukilaza vizuri kwa kiganja, akaendelea kuimba. Mimi nikamshukuru Mungu kwamba amesikia maombi yangu.

Kumwinua Bibi walihitajika watu watatu. "Nyumba nzuri," alimwambia Mama mlangoni, akipumua kwa shida. "Mkae kwa amani."

Nilisubiri fimbo. Mama aliondoa vitambaa vyote, akavikunja, akasema, "Kumpisha mkubwa hakukupunguzii urefu." Akaenda jikoni.

Yaliyobaki niliyajua nikiwa mtu mzima, Bibi ameshazikwa, siku nilipokuwa nachambua maharage na Mama. Kina Bhoke waliuza makochi ili kaka yake aende sekondari. Asubuhi ya kuyachukua, Bibi alikuwa amekaa upande wa dirishani, alipokaa tangu magoti yalipomkatalia mkeka. Mama alimwambia, "Kiti chako hakiendi mbali, Mama, ni nyumba ya nne tu. Jumuiya ikija kwangu, njoo ukikalie."

"Akaja," Mama alisema, macho kwenye ungo. "Mara ile moja."

Kwa hiyo bonde nililolishindilia gauni lilikuwa lake. Alitembea nyumba nne kwa magoti yale kwenda kukaa mahali pake, akanikuta nimebana jina kwa kiwiko, kulinda uongo ambao mjukuu wake alishaujua tangu siku ya kwanza. Nikienda Mugumu, Bhoke hukutana nami sokoni hata leo. Husalimia vizuri, huuliza habari za Mama. Kila mara nafungua mdomo niseme, naishia kuuliza bei ya nyanya.

Kochi langu la juzi nalo lina bonde upande mmoja. Sijui ni la nani. Sijashindilia kitu. Nikirudi jioni nakaa upande wa pili.