Wembe na Tanuri la Shangazi

Kazini walimwita Wembe, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mifumo endeshi midogo, ile inayokaa ndani ya vitu ambavyo watu hawajui hata kama vina kompyuta: mita ya maji, mlango wa gereji, mashine ya kukatia tiketi. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya kumwaga. Vitu hivi kumbukumbu yake ni kiduchu, ukizubaa kidogo tu imejaa. Wenzake ofisini walichukua mfumo mkubwa wakaupunguza mpaka wakachoka. Wembe alianza na kiini cha mfumo peke yake, kisha kila programu iliyotaka kuingia aliisimamisha mlangoni na kuiuliza kwa sauti, mbele za watu: "Ukikosekana wewe, nani atajua?" Ikishindwa kujibu, nje.

Na programu, kama ujuavyo, hazina mdomo. Nyingi zilibaki nje.

Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Akisafiri wiki nzima, begi lake mumewe alidhani ni la chakula cha mchana. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa maneno, na utani wao ulikuwa hauishi.

"Mke wangu, iko siku utaniuliza na mimi hilo swali lako."

"Nilishakuuliza zamani," alijibu Wembe bila kuinua macho. "Umeponea kwenye kupika."

Sasa, huyu Wembe alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, mwenye duka la mikate pembeni mwa mtaa. Chumba cha mbele ni cha kuuzia, cha kati kina tanuri, cha nyuma ni cha kukandia unga. Wembe alijifunza kusoma akiwa amekaa juu ya gunia la unga, na mpaka leo akisikia harufu ya mkate moto mabega yanamshuka yenyewe. Kwa hiyo Shangazi alipompigia simu kusema tanuri limekufa, alihisi kama ameambiwa habari za mgonjwa wa nyumbani.

Chuma chenyewe kilikuwa kizima. Kilichokufa ni kile kisanduku cha pembeni, kilichofungwa Wembe akiwa ameshaolewa, chenye kompyuta ndogo inayopima joto na kuhesabu dakika, na waliokitengeneza walishafunga kiwanda siku nyingi.

"Usihangaike, mwanangu," alisema Shangazi. "Likifa tanuri na mimi napumzika. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu, Jumamosi anakuja kulibeba."

Alisema huku anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Wembe alimjua shangazi yake kama kiganja chake. Mwanamke yule kukaa kwenye kiti akitazama ukuta ilikuwa ni kumzika angali hai.

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," akasema.

Kwenye droo ya ofisini kulikuwa na bodi ya kompyuta ndogo ambayo wenzake waliitupa wakisema ni ndogo mno, haifai hata kwa kengele ya mlango. Wembe aliiomba, akapewa kwa kicheko. Akaanza kuijaza kwa kijiko cha chai. Kupima joto, karibu. Kuwasha feni, karibu. Kuhesabu dakika, kuandika kwenye kioo, karibuni. Kisha zikabaki nyaya mbili nyembamba zilizokuwa zinakwenda kwenye spika ndogo ya tanuri.

"Ukikosekana wewe, nani atajua?" aliiuliza programu ya sauti. Kioo kingeandika MKATE TAYARI kwa herufi kubwa, tena za kijani. Kelele za nini? Nje. Zile nyaya akazifunga kwa utepe, kwisha habari yake.

Nafasi iliyobaki, Wembe huyuhuyu asiye na huruma akaijaza pambo. Aliweka picha ya Shangazi akiwa na aproni, anacheka, ili tanuri likiwashwa imtokee mwenyewe usoni. Mapenzi hayana hesabu bwana, hata kwa mtu wa aina yake.

Jumamosi asubuhi alikifunga kisanduku, akabonyeza. Picha ikatokea. Shangazi akapiga ukelele, akaishika mikono ya mpwa wake wakaruka wote wawili kama wasichana wa shule. Wakapanga mikate ndani, Shangazi akaenda chumba cha nyuma kukanda mingine, Wembe akakaa mbele na kikombe cha chai, akijipongeza kimoyomoyo. Chai ilikuwa tamu. Akajiongeza kikombe cha pili.

Moshi ndio uliomwamsha kwenye raha zake.

Walikutana mbele ya tanuri, mmoja kutoka mbele, mwingine kutoka nyuma. Kioo kilikuwa kinang'aa: MKATE TAYARI. Mikate ilikuwa myeusi kama mkaa.

"Lakini kiliandika!" Wembe akajitetea.

"Kiliandika, asome nani?" Shangazi aliinua mikono yake, unga mpaka kwenye viwiko. "Mimi niko kule nakanda. Miaka yote tanuri ndilo linaloniita, nami naitika. Leo limekaa kimya kama limenuna."

Akaketi juu ya gunia, akaanza kufungua aproni taratibu. "Basi, mwanangu. Umejitahidi. Mwache yule bwana aje achukue chuma chake."

Wembe aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lile swali lake la kila siku, safari hii alikuwa ameliulizia ofisini, kwenye kiti chenye magurudumu, mahali ambapo hakuna mtu anayekanda unga.

"Funga aproni hiyo, Shangazi," akasema. "Usinifanyie hivyo."

Akapangusa meza ya unga, akafungua kompyuta yake. Nafasi ilikuwa imejaa pomoni. Sauti isingeingia bila kitu kutoka, na kila kilichokuwemo kilikuwa na kazi, isipokuwa kimoja. Wembe akasita, mtu ambaye hakuwahi kusita mbele ya kitufe cha kufutia.

"Kuna nini?" Shangazi akauliza.

"Sauti na picha yako haviwezi kukaa pamoja."

Shangazi akaangua kicheko, safari hii cha kweli, mpaka unga ukapeperuka. "Uso wangu si huu hapa ninao? Toa picha, rudisha sauti!"

Picha ikatoka. Sauti ikaingia, mlio mmoja tu mwembamba, wala hakukuwa na nafasi ya madoido. Wembe akaunga zile nyaya mbili, wakapanga mikate upya.

Mtu wa vyuma chakavu alifika mikate ikiwa ndani, kamba begani. Alilizunguka tanuri akilipimapima kwa macho kama mchinjaji. Wembe hakumpa chai. Shangazi alirudi kukanda, lakini safari hii hakuwa anaimba, na Wembe alisikia kila kofi la unga mezani.

Ndipo tanuri likalia. Tiiiiii!

Shangazi alitoka mbio. Alikuwa bado anatafuta kitambaa cha kushikia trei, mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nimelisikia! Limepona?"

Nyuma yake alisimama muuguzi aliyetoka zamu, ndala miguuni. Dirisha la ghorofani likafunguka, mtu akapaza sauti: "Shangazi, nibakizie miwili!" Milango ikaanza kulia mtaa mzima. Wembe alichungulia nje. Kumbe kelele ile aliyoiona ya bure ndiyo iliyokuwa inawatoa watu wote hawa majumbani mwao, na tangu inyamaze walikuwa wamekaa ndani wanasikiliza.

Mtu wa vyuma naye akasukumwa na watu waliokuwa wanaingia, akajikuta kwenye kona na kamba zake.

"Mama, hili tanuri nalichukua au vipi?" aliuliza.

"Chuma hakuna, baba," Shangazi akamjibu, trei mikononi, uso mzima unang'aa kwa jasho. "Mkate upo. Ila panga foleni, hawa wenzako wamelisikia miaka mingi kabla yako."

Akapanga. Wembe alizipokea trei moja baada ya nyingine, anacheka na kulia kwa pamoja, na waliomuuliza ana nini aliwaambia ni mvuke.